Data za darubini za angani kwa klabu ya skuli Pemba: tuanzie wapi, na 2026 kuna nini?

maalim_wete, 11 Januari 2026

Assalaamu alaykum wana jukwaa.

Naomba msaada wa kupanga mwaka wa klabu ya sayansi, skuli ya sekondari hapa Wete. Wanafunzi 22, Form Two mpaka Form Four. Laptopu ziko sita, kila moja RAM GB 4, zote Windows. Bando ni GB 20 kwa mwezi, na hilo ndilo la klabu nzima.

Nataka washike data halisi, si kutazama picha zilizokwishapambwa na wengine. Kwanza, darubini zipi ziko juu sasa na data zake ziko wazi? Pili, mwaka huu na ujao kuna nini kinachokuja cha kupangia ratiba? Tatu, faili la darubini ya Webb la NGC 3324, lile lenye "maporomoko" ya kundi la nyota la Carina, likifunguliwa kwenye GIMP (programu ya kuhariri picha) linatoka jeusi tupu. Tatizo ni faili au ni programu? Na mwisho, kuna chochote katika hivi ambacho mtoto anaweza kukiona kwa macho yake kutoka Pemba?

---

mzingo

Wa alaykum salaam Maalim. Nijibu la kwanza na la pili, la faili nawaachia wenyewe.

Webb ilirushwa 25 Disemba 2021 kutoka Kourou kwa roketi ya Ariane 5, ikakaa L2, sehemu ya angani inayozunguka Jua sambamba na Dunia, kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, upande usioelekea Jua. Imepelekwa mbali hivyo kwa ajili ya baridi. Ukiwa L2, Jua, Dunia na Mwezi vyote viko upande mmoja, basi pazia moja linatosha kuvikinga. Pazia lenyewe lina tabaka tano za Kapton na ukubwa wa uwanja wa tenisi. Upande unaoelekea Jua hufika nyuzi 85 za Selsiasi, upande wa vioo uko chini ya −220. Kila kitu chenye joto hutoa infraredi (mwanga usioonekana kwa jicho), na infraredi ndiyo Webb inayoitafuta, kwa hiyo darubini yenye joto ingejimulika yenyewe. Kioo kikuu ni mita 6.5, vipande 18 vya beriliamu vilivyopakwa dhahabu. Ariane iliilenga vizuri mno siku ya kuruka, na mafuta yaliyosalimika yanatosha zaidi ya miaka 20.

Wanaoitaka ni wengi. Kwa mzunguko wa nne wa maombi, ulioanza Julai 2025, yaliletwa maombi 2,377 yakiomba saa 78,000, yaani saa tisa zikigombea nafasi ya saa moja. Lakini data zake kwa kawaida zikitimiza miezi 12 hufunguliwa kwa kila mtu, na nyingine huwa wazi siku ile ile. Faili analolipata mtoto wa Wete ni lile lile analolipata profesa, halikupunguzwa.

Hubble bado inafanya kazi, tangu 24 Aprili 1990. Tangu Juni 2024 inaendeshwa kwa jairoskopu moja (kifaa cha kuongoza ulengaji), ya pili imewekwa akiba. Inachukua muda zaidi kulenga, kwa hiyo badala ya obiti 85 za kazi kwa wiki sasa ni kama 74, na haiwezi kufuatilia kitu kinachotembea kilicho karibu kuliko obiti ya Mirihi. Data zake za nyuma ni hazina ya miaka 35.

Euclid ya Shirika la Anga la Ulaya iko L2 pia, ilirushwa 1 Julai 2023. Kioo chake ni mita 1.2 tu, lakini picha moja hubeba nusu digrii ya mraba, zaidi ya maradufu ya eneo la Mwezi mpevu. Kazi yake ni kuchora thuluthi moja ya anga kwa miaka sita.

Darasani ningeanza Euclid na habari ya barafu. Mvuke mdogo uliobaki ndani ya vifaa tangu vikiunganishwa duniani uligeuka barafu juu ya vioo, utando wa nanomita chache tu, na nyota zikaanza kufifia kidogo kidogo. Njia rahisi ingekuwa kuwasha hita zote kwa pamoja. Hawakufanya hivyo, kwani kila sehemu ingepanuka kivyake na mpangilio wa vioo ungeyumba kwa muda mrefu. Machi 2024 wakaanza kupasha kioo kimoja kimoja. Cha kwanza kilipotoka −147 kikafika −113, nyuzi 34 tu, ndani ya dakika 100 mwanga ukaongezeka kwa asilimia 15, ikajulikana barafu ilikuwa imekaa hapo. Hilo wanafunzi wanaweza kulijadili somo zima: umbali kilomita milioni moja na nusu, na chombo ulichonacho ni swichi ya hita.

Data za kwanza za Euclid zilitoka 19 Machi 2025: digrii 63 za mraba, galaksi milioni 26. Toleo kubwa la kwanza limepangwa 21 Oktoba 2026. Hiyo iwekeni kwenye kalenda ya klabu.

Darubini ya SPHEREx ilirushwa Machi 2025. Kioo chake ni cha sentimita 20, lakini inapima anga yote kwa rangi 102 za infraredi, ramani moja kila miezi sita, na ramani ya kwanza ilikamilika mwaka jana. Darubini ndogo, swali kubwa, naipenda sana.

Halafu darubini ya Roman. Kioo ni mita 2.4, sawa na Hubble, ila kamera yake ina vipokezi 18 vya infraredi na kila picha hubeba eneo la angalau mara 100 ya kamera ya infraredi ya Hubble kwa ukali wa aina moja. Kuunganishwa kwake kulikamilika Novemba 2025 kituo cha Goddard, Marekani. Tarehe ya mwisho waliyojifunga ni Mei 2027, na timu inalenga kuiwahisha hata Septemba mwaka huu, kwa roketi ya Falcon Heavy, kuelekea L2. PLATO ya Ulaya, kamera 26 kwenye chombo kimoja za kutafuta sayari zinazozunguka nyota zinazofanana na Jua, imepangwa kufuata mwanzoni mwa 2027. Xuntian ya China, kioo cha mita 2, itazunguka pamoja na kituo chao cha anga ili ikiharibika isogee kutengenezwa; imeahirishwa mara kadhaa, sasa inatajwa 2027.

---

fundi_faili

Maalim, faili lako ni zima. Weusi unatoka sehemu mbili, na zote mbili zina dawa.

Faili la FITS (muundo wa faili wa wanaanga) la Webb ni kama kabati lenye droo. Droo ya kwanza, PRIMARY, ina maelezo tu: tarehe, filta, muda wa kupiga. Haina picha. Picha iko droo ya pili inayoitwa SCI, kisha zinafuata ERR, CON, WHT na tatu zinazoanza na VAR. Programu ikifungua droo ya kwanza inakuonesha utupu. Hiyo ni sababu moja. Ya pili ni kwamba hata ukifungua SCI, pikseli za mandharinyuma zina thamani ndogo na nyota zina maelfu. Programu ya kawaida huitandaza kwa mstari ulionyooka kutoka ndogo mpaka kubwa kabisa, basi nebula (wingu la gesi na vumbi) yote inabanwa kwenye weusi na zinabaki nukta chache nyeupe.

Tumieni SAOImage DS9, ni bure na laptopu ya GB 4 inaiweza. Nenda Frame, New RGB. Kitatokea kidirisha chenye Red, Green na Blue. Chagua Red kisha fungua F444W, Green fungua F200W, Blue fungua F090W. Ukiandika jina la faili ongeza [SCI] mwishoni ili ichukue droo hiyo peke yake, vinginevyo laptopu itahema. Kwenye kidirisha cha RGB weka Align kwenye WCS, yaani majira ya anga, kwa sababu kamera ya mawimbi marefu ina pikseli kubwa mara mbili ya ile ya mawimbi mafupi. Bila ya hivyo nyekundu itakaa kando ya bluu kama gazeti lililochapwa vibaya. Halafu Scale: Log, na kikomo 99.5%. Fanya hivyo kwa kila rangi peke yake. Maporomoko yatatokea hapo hapo.

Waeleze majina ya filta, ni rahisi. Gawa namba kwa 100 upate maikromita: F090W ni 0.90, F444W ni 4.44. W ni pana, M ya kati, N nyembamba. Wimbi fupi hupewa bluu, refu nyekundu. Rangi hizo jicho halizioni, lakini mpangilio wake ni wa kweli, haukubuniwa.

Sasa bando, hapo ndipo watu wanapoumia. Kwenye hazina ya data ya MAST tafuta NGC 3324, chagua JWST, kifaa NIRCAM, programu namba 2731. Ukitia tiki kila kinachojitokeza utajaza kikapu na mamia ya mafaili yanayoishia uncal, rate na cal, ambayo ni ya hatua za kati. Chuja ubaki na Calibration Level 3 na yale yanayoishia i2d tu. Tazama kwanza picha ndogo ya JPG iliyo pembeni, kisha ndiyo uamue.

Piga hesabu kabla hujapakua. Picha ya pikseli 10,000 kwa 6,000 ni pikseli milioni 60. Kila pikseli ni baiti 4, basi droo moja ni MB 240, na droo ni saba: GB 1.7 kwa filta moja ya mawimbi mafupi. Eneo hilo hilo kwa mawimbi marefu lina robo ya pikseli, kama MB 420. Kwa hiyo anzeni na filta za mawimbi marefu zote tatu, F335M, F444W na F470N. Picha itatoka chini ya GB 1.3 kwa jumla, na vumbi linaonekana vizuri.

Ipo njia ya kuchukua kipande tu. Data za Webb zilizo wazi zimewekwa pia kwenye seva za wingu za Amazon. Kwa Python, Astropy (maktaba ya Python ya wanaanga) toleo la 5.2 kwenda juu pamoja na fsspec na s3fs, unafungua faili likiwa huko huko kwa fits.open ukiweka use_fsspec=True, kisha unakata kwa .section. Kipande cha pikseli 1,500 kwa 1,500 ni MB 9 tu. Usishangae lakini bando likipungua MB 60. FITS imepangwa safu kwa safu, kila safu ya pikseli 10,000 ni KB 40, na msomaji huelekea kuvuta safu nzima hata kama unataka kipande chake: 1,500 mara KB 40. Bado ni afadhali mno kuliko GB 1.7.

Jambo la mwisho: DS9 ukitumia Save Image inapiga dirisha kama lilivyo kwenye skrini. Dirisha dogo, picha ndogo. Panua kwanza.

---

bi_tunguu

Nakubaliana na yote ya fundi, lakini Maalim, msianze na Webb. Anzeni na TESS, darubini ya angani inayotafuta sayari za nyota nyengine.

Picha nzuri huvutia siku mbili. Mchoro ambao mtoto ameuchora mwenyewe na ndani yake kuna sayari, huo hausahau. Na faili lake ni MB 2 hivi. Kwa GB 20 zako unaweza kuchukua elfu kadhaa.

TESS ilirushwa 18 Aprili 2018. Inakodolea kipande kimoja cha anga (sekta) kwa siku 27 hivi, na nyota zilizochaguliwa hupimwa mwanga kila dakika 2. Sayari ikipita mbele ya nyota yake (mpito), mwanga hupungua na mchoro hufanya bonde. Chukueni nyota WASP-18, sekta ya 2, faili linaloishia lc.fits, la dakika 2. Iko anga ya kusini na bonde lake ni la wazi, karibu asilimia 1, na linarudi kila siku 0.94145. Ndani ya sekta moja mnapata mipito karibu 28, isipokuwa inayoangukia kwenye pengo la katikati, wakati chombo kimekaribia Dunia na kinateremsha data.

Hamhitaji Python. Pakua TOPCAT, programu ya kuchora majedwali ya data, inataka Java tu. Fungua faili, tengeneza kundi dogo kwa sharti QUALITY==0 ili kutoa vipimo vilivyoharibika, kisha chora TIME kwa PDCSAP_FLUX (mwanga uliokwishasafishwa). Msitumie SAP_FLUX: hiyo ina kupanda na kushuka kunakotokana na mwanga wa Dunia na Mwezi unaopenya kwenye kamera, na watoto watadhani wamegundua kitu. Namba za TIME ni siku za Julian zikiondolewa 2,457,000.

Mkishaona mabonde, kunjeni. Kwenye mhimili wa mlalo andikeni TIME % 0.94145. Mabonde yote yatalaliana.

Kisha hesabu, na hii ni ya Form Three kabisa. Kina cha bonde ni uwiano wa maeneo ya miduara miwili, sayari kwa nyota. Kina kikiwa 0.0095, kipeo chake cha pili ni 0.0975. Nyota ina nusu kipenyo mara 1.25 hivi ya Jua, yaani kilomita 870,000. Zidisha: sayari ina nusu kipenyo cha kilomita 85,000. Mshitarii ina 71,492. Wamepima ulimwengu mwingine kwa faili la MB 2.

---

maalim_wete, 17 Januari 2026

Shukran nyote, Mungu awalipe. TOPCAT inakwenda kwenye laptopu zote sita. Yamebaki matatu.

Kundi moja limekunja na bonde likatoka pana, limefifia, kama mtaro uliobomoka kingo. Kundi jengine limetumia Lightkurve kwenye Python, bonde lao ni jembamba lakini kina ni kidogo kuliko cha wenzao. Kosa liko wapi?

Kwenye picha ya Webb nyota kubwa zina tundu jeusi katikati, na miale minane. Ya Hubble ina minne. Wanauliza kwa nini.

Na Roman ikishafika, tutaweza kutumia DS9 hii hii?

---

bi_tunguu

Kundi la kwanza, nadhani wameandika 0.94 wakaishia hapo. Tofauti ya 0.00145 ya siku ni dakika 2.1 kwa kila mzunguko. Mara 28, mwisho wa sekta wamechelewa karibu saa nzima, na mpito wenyewe unachukua kama saa 2 na dakika 10. Mabonde hayalaliani tena, yanaburuzana. Warudishe tarakimu zote. Na wala usiwakemee, waache wajaribu 0.941, 0.9414, 0.94145 na kutazama kingo zinavyosimama. Hivyo ndivyo muda wa mzunguko unavyotafutwa.

Kundi la pili, wametumia flatten (amri ya kusawazisha mwanga wa nyota) bila ya kubadilisha window_length. Chaguo-msingi ni vipimo 101, mara dakika 2, yaani saa 3 na dakika 22. Dirisha hilo halijauzidi sana mpito, kwa hiyo programu inaliona bonde kama mteremko wa nyota na kulisawazisha, inakula sehemu ya kina. Waweke 401, saa 13 na kidogo. Lazima iwe namba witiri.

Mkihama kwenda nyota nyengine, jihadharini na jambo moja: pikseli moja ya TESS ni sekunde 21 za tao. Nyota jirani zinaingia ndani ya pikseli hiyo hiyo. Ikiwa jirani ndiye mwenye kufifia, mtadhani sayari ni ya nyota yenu.

---

fundi_faili

Tundu jeusi ni kushiba. Pikseli zimejaa mwanga mpaka hazina kipimo cha kuaminika hata kimoja, zikawekwa alama na kuachwa bila ya thamani. Kwenye picha ya mapambo unaweza kulijaza kwa rangi ya jirani. Kupima ung'avu wa nyota hiyo, hapana, tafuta filta nyembamba ambayo haikushiba.

Miale: kioo cha Webb kina kingo za pembe sita, zinatoa miale sita. Nguzo tatu zinazoshikilia kioo kidogo zinatoa sita nyengine, lakini zimepangwa makusudi ili minne ilale juu ya ile ya kioo. Inabaki miwili midogo ya mlalo. Sita na miwili, minane. Hubble ina kioo cha duara na nguzo nne zenye umbo la msalaba, basi minne tu. Mkiona michirizi ya mlalo mlalo kwenye mandharinyuma, hiyo ni kelele ya usomaji wa kipokezi, si kitu cha angani.

Roman: hapana, si moja kwa moja. Mafaili yake ni ya muundo wa ASDF badala ya FITS. Na kubwa zaidi ni wingi. Inatarajiwa kuteremsha kama TB 1.4 kwa siku. Kwa bando lenu la GB 20, data za siku moja mngezipakua kwa miezi 70. Ndiyo maana wameandaa seva ambako unaandika Python kwenye kivinjari, hesabu inafanyika huko zilipo data, na kinachokurudia ni mchoro wa KB kadhaa. Habari njema kwenu ni kwamba data za Roman hazina kipindi cha kufungiwa: zikishachakatwa zinatoka kwa wote kwa pamoja. Wanafunzi wawili watatu wakijifunza Astropy mwaka huu, siku hiyo watakuwa tayari. Python ndiyo uwekezaji, si RAM.

Kwa Euclid, msipakue kabisa. Fungueni ESASky au Aladin Lite kwenye kivinjari. Zinaleta vigae vidogo vya eneo unalolitazama tu.

---

kusini_tulivu

Naona la kuona kwa macho halijajibiwa.

Webb haionekani kwa macho wala kwa darubini ndogo. Hubble inaonekana, na sisi tuna bahati ambayo London hawana. Obiti yake imeinama nyuzi 28.5, kwa hiyo haivuki zaidi ya latitudo hiyo kaskazini wala kusini. Pemba iko nyuzi 5 kusini, inaweza kupita utosini kabisa.

Tumieni tovuti ya Heavens-Above. Wekeni eneo: latitudo −5.25, longitudo 39.77 ni Chake. Kwa Wete −5.06 na 39.73. Alama ya kutoa isisahauliwe, ukiandika 5.25 bila ya alama ratiba inakuwa ya mahali kilomita 1,100 na zaidi kaskazini na Hubble haitokei pale ulipoambiwa. Saa ni UTC+3. Ikiandikwa 19:12 maana yake saa 1:12 usiku wetu, si saa 7.

Hubble haina taa, inaonekana kwa mwanga wa Jua wakati sisi tumeshaingia kizani. Kwa kimo chake cha chini kidogo ya kilomita 500, dirisha ni kama dakika 30 baada ya magharibi mpaka dakika 75. Baada ya hapo inaingia kwenye kivuli cha Dunia na kuzimika katikati ya anga, ghafla. Alfajiri ni kinyume chake. Hutokea magharibi ikielekea mashariki, nukta tulivu isiyopepesa, dakika tano sita. Inayopepesa nyekundu na nyeupe ni ndege. Mapito huja kwa siku kadhaa mfululizo kisha hupotea wiki kadhaa, basi angalieni ratiba kila wiki. Ramadhani inaingia katikati ya Februari, watoto watakuwa nje baada ya futari, na saa hiyo ndiyo yenyewe.

Nebula ya Carina, ile ya faili lenu, inaonekana pia. NGC 3324 iko ukingoni mwake. Inafika juu kabisa kusini, kama nyuzi 37 kutoka upeo, mnamo Aprili saa 3 usiku. Lakini Aprili ni masika, mawingu hayatawapa nafasi. Afadhali mambo mawili: mwisho wa Februari baada ya saa 6 usiku, kwa wakubwa, au mwanzoni mwa Juni mara baada ya Isha, upepo wa kusi umeshasafisha anga, Carina imeanza kuinamia magharibi lakini bado iko juu ya minazi. Tafuteni Msalaba wa Kusini, kisha sogeeni mkono wa kulia pungufu ya shubiri moja ya mkono ulionyooshwa. Kwa macho ni wingu dogo jeupe. Kwa darubini ya macho mawili ya 10×50 mtaona nyota ndani yake. Chagueni usiku usio na Mwezi, na msisimame mbele ya taa za barabara.

Lenzi zikirudi ndani zimeingia umande wa pwani, usizifute zikiwa kavu. Chumvi ni mchanga. Puliza, kisha kitambaa cha pamba kilicholoweshwa kidogo kwa maji safi, kutoka katikati kwenda nje.

---

maalim_wete, 19 Januari 2026

0.94145 limesimama. Kingo zimenyooka, kina 0.0096, kundi la pili kwa 401 wamepata 0.0095. Kilomita 85,000 zimetoka ubaoni.

Swali moja kwa mzingo: Form Four anauliza kama kuna darubini yoyote iliyopangwa itakayoipiga picha sayari mfano wa Dunia yenyewe, si bonde la nyota yake.

---

mzingo

Inayolengwa kwa kazi hiyo ni Habitable Worlds Observatory ya Marekani. Ripoti ya vipaumbele vya wanaanga wa huko, iliyotoka Novemba 2021, ndiyo iliyopendekeza: kioo cha mita 6 hivi, mwanga wa urujuanimno, wa kawaida na wa infraredi ya karibu, kuchunguza angalau sayari 25 zilizo kwenye umbali unaoruhusu maji. Ni ya miaka ya 2040, na imekusudiwa kutengenezeka na roboti huko huko L2.

Ugumu wake mwambie hivi. Dunia ikitazamwa kutoka mbali ni hafifu kuliko Jua mara bilioni 10. Lazima nyota izibwe ndani ya darubini kwa koronagrafu, na mwanga wake uliobaki ufutwe kwa vioo vinavyojikunja. Kioo kikitikisika kwa pikomita kadhaa tu, pungufu ya upana wa atomu, mwanga wa nyota unavuja na sayari inapotea. Roman inabeba koronagrafu ya majaribio kwa sababu hiyo hiyo, yenye vioo vinavyojikunja vya aina hiyo. Itafika kwenye sayari kubwa kama Mshitarii, si Dunia. Kwa hiyo ukitaka kujua kama ya 2040 itawezekana, fuatilia majaribio ya kifaa hicho katika miezi 18 ya mwanzo ya Roman.